Kutatua tatizo la king'amuzi cha satelaiti kisichopata chaneli

King'amuzi kisichopata chaneli ni king'amuzi cha televisheni ya satelaiti ambacho humaliza kutafuta chaneli bila kupata hata moja, hupata baadhi tu, au huonyesha ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Mara nyingi king'amuzi chenyewe hakijaharibika. Kosa huwa katika hatua mojawapo ya safari ya mawimbi kutoka angani hadi sebuleni: uelekeo wa dishi, kichwa cha dishi, kebo, au mpangilio uliowekwa kwenye menyu.

Karibu kila king'amuzi kina vipimo viwili kwenye menyu yake, kimoja cha nguvu ya mawimbi na kingine cha ubora wake. Vipimo hivyo vikisomwa pamoja huonyesha hatua iliyokatika. Kwa hiyo husomwa kwanza, kabla ya kugusa dishi na kabla ya kurudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani. Dishi lililosogezwa bila sababu huongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Vilevile, baadhi ya ving'amuzi hufuta orodha ya chaneli kila utafutaji mpya unapoanza, na mwenye nyumba hubaki na orodha tupu hata kama kosa lilikuwa dogo.

## Safari ya mawimbi

Satelaiti nyingi za televisheni ziko juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786 hivi. Katika kimo hicho satelaiti huzunguka kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa dunia, hivyo kwa mtu aliye ardhini huonekana imesimama mahali pamoja. Ndiyo maana dishi la nyumbani hufungwa mara moja na kuachwa bila kusogezwa. Kila satelaiti hutambulishwa kwa nafasi yake juu ya ikweta, kwa digrii za mashariki au magharibi.

Mawimbi yanapofika ardhini huwa dhaifu sana. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kichwa chake, kinachojulikana kwa herufi LNB. LNB huyakuza mawimbi na kuyashusha hadi masafa ya megahezi (MHz) 950 hadi 2,150, ambayo yanaweza kupita kwenye kebo bila kupotea mno. Kebo huyafikisha kwenye king'amuzi. King'amuzi nacho hupeleka umeme juu kwa kebo hiyohiyo ili LNB ifanye kazi.

Satelaiti haitumi chaneli moja moja. Hutuma mafungu, na kila fungu hubebwa na transponda moja. Ili kulipokea fungu, king'amuzi kinahitaji kujua masafa ya transponda, ulalo wa mawimbi yake (mlalo, H, au wima, V) na kasi ya alama, kwa mfano 27,500. Tarakimu moja ikikosewa, fungu zima halipatikani.

## Kuhakikisha aina ya king'amuzi

Nchini Tanzania neno king'amuzi lilienea zaidi wakati wa kuzima mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo neno hilo limetumika kwa vifaa vya aina mbili. Kimoja hupokea mawimbi kutoka kwenye minara ya ardhini kwa kutumia antena, na kingine hupokea kutoka satelaiti kwa kutumia dishi. Kampuni kama StarTimes huuza aina zote mbili. King'amuzi cha antena hakiwezi kupata chaneli kwenye dishi, hata waya ukiingia vizuri kiasi gani. Maandishi ya nyuma ya kifaa hutofautisha: cha satelaiti huandikwa DVB-S au DVB-S2, na cha antena DVB-T au DVB-T2.

Tofauti kati ya DVB-S na DVB-S2 nayo ina maana. DVB-S2 ni mfumo wa baadaye, uliokamilishwa mwaka 2005, na hutumiwa sana kwa chaneli za picha angavu. King'amuzi cha zamani cha DVB-S hakiwezi kusoma transponda ya DVB-S2. Kipimo cha ubora hubaki sifuri ingawa dishi limeelekezwa sawasawa.

## Kusoma vipimo viwili

Kipimo cha nguvu huonyesha ni kiasi gani cha mawimbi kinachoingia kutoka kwenye kebo, pamoja na kelele ya LNB yenyewe. LNB iliyopata umeme huweza kuonyesha nguvu ya kutosha hata dishi likitazama ukuta. Kipimo cha ubora huonyesha kama king'amuzi kimeweza kuyatambua na kuyasoma mawimbi ya transponda iliyochaguliwa. Kwa hiyo anayeelekeza dishi huongozwa hasa na ubora.

Hali nne hutokea:

* Nguvu hakuna, ubora hakuna: LNB haipati umeme au mawimbi yake hayafiki. Huchunguzwa kebo, viunganishi na LNB.
* Nguvu ipo, ubora hakuna: LNB inafanya kazi, lakini dishi halitazami satelaiti inayotakiwa, kuna kizuizi mbele yake, au mpangilio wa menyu una kosa.
* Ubora upo lakini unapanda na kushuka: dishi limesogea kidogo, kiunganishi kimelegea, maji yameingia kwenye kebo, au mvua inanyesha.
* Vyote viko juu lakini chaneli hazionekani: mawimbi yamefika. Kosa liko kwenye orodha ya chaneli, malipo au kadi.

Jaribio rahisi la kutenganisha king'amuzi na sehemu nyingine ni kukipeleka kwa jirani ambaye dishi lake linatazama satelaiti hiyohiyo. Kikipata chaneli huko, king'amuzi na mpangilio wake ni vizima, na kosa limebaki kwenye kebo, LNB au dishi la nyumbani.

## Nguvu na ubora vikiwa sifuri

King'amuzi huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme kabla ya kufungua au kufunga kebo, kwa sababu kebo hiyo hubeba volti 13 au 18. Kisha kiunganishi hukaguliwa pande zote mbili, nyuma ya king'amuzi na kwenye LNB. Waya wa katikati unatakiwa kutokeza milimita chache. Ukiwa mfupi haugusi ndani. Pia uzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa waya wa katikati, umeme hukatika, na ving'amuzi vingi huonyesha onyo la hitilafu ya LNB.

Kebo ya satelaiti ni ya omu 75, na inayotumika sana majumbani ni RG6. Kebo nyembamba ya antena ya zamani, kebo ndefu kupita kiasi, au kebo iliyoungwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa utepe hupoteza mawimbi mengi. Adui mwingine ni maji. Kiunganishi cha LNB kisichofunikwa huruhusu maji ya mvua kupenya ndani ya kebo. Waya wa katikati ukiwa na kutu ya kijani au wavu ukiwa mweusi, sehemu hiyo hukatwa hadi penye waya msafi, au kebo yote hubadilishwa.

Kifaa kilichowekwa katikati ya kebo, kama kigawanyaji cha vyumba viwili au swichi ya LNB kadhaa, huondolewa kwa muda ili king'amuzi kiunganishwe moja kwa moja na LNB. Baadhi ya vigawanyaji hupitisha umeme kwa tundu moja tu, hivyo king'amuzi cha chumba cha pili hukosa mawimbi kile cha kwanza kinapochomolewa. Ikiwa hata kebo fupi na mpya haileti nguvu yoyote, LNB yenyewe hushukiwa.

## Nguvu ipo, ubora hakuna

### Mpangilio wa LNB

Ili king'amuzi kijue mahali pa kusikiliza kwenye kebo, lazima kiambiwe ni LNB ya aina gani iliyoko kwenye dishi. LNB ya bendi ya Ku inayotumika sana, iitwayo ya ulimwengu wote, hupokea megahezi 10,700 hadi 12,750 na ina namba mbili za kushushia masafa: 9,750 na 10,600. LNB nyingi za bendi ya C, zinazofungwa kwenye madishi makubwa, hutumia 5,150.

Hesabu yake ni ya kutoa. Transponda ya megahezi 11,600 ikipita kwenye LNB yenye namba 9,750 hutokea kwenye kebo ikiwa 1,850. Ikiwa menyu imewekwa 10,600 peke yake, king'amuzi hufanya hesabu na kupata 1,000, kisha husikiliza hapo. Dishi ni sahihi, kebo ni nzima, lakini king'amuzi kinabisha hodi mlango usio wake. Kwa bendi ya C hesabu hugeuzwa: transponda ya 3,800 hutolewa kutoka 5,150 na kubaki 1,350.

Menyu hiyohiyo huwa na umeme wa LNB, ambao lazima uwe umewashwa, na namba ya tundu la swichi. LNB ikiwa kwenye tundu la pili na menyu ikionyesha la kwanza, king'amuzi husikiliza LNB nyingine au hakisikii kitu.

### Transponda iliyochaguliwa

Vipimo vya menyu huhusu transponda moja tu, ile iliyochaguliwa wakati huo. Ving'amuzi huuzwa vikiwa na orodha iliyotengenezwa kiwandani, na satelaiti hubadilisha matumizi ya transponda zake mara kwa mara. Inawezekana dishi likawa sawa kabisa na transponda iliyochaguliwa ikawa imeshazimwa. Kabla ya kupanda juu ya paa, hufaa kujaribu transponda tatu au nne zinazojulikana kuwa hewani. Menyu nyingi pia zina utafutaji wa mtandao, ambapo king'amuzi husoma orodha ya transponda nyingine kutoka kwenye ile ya kwanza. Baadhi zina utafutaji wa kupekua masafa yote bila kutegemea orodha. Huu wa pili huchukua muda mrefu, lakini huonyesha dishi linatazama satelaiti gani kwa kweli, kwa kuwa majina ya chaneli zilizopatikana huitambulisha.

### Uelekeo wa dishi

Dishi la sentimita 90 kwenye bendi ya Ku huona sehemu ya anga yenye upana wa digrii 2 hivi tu. Kosa la digrii 1 ni dogo kwa macho, lakini huko kwenye kimo cha satelaiti ni zaidi ya kilomita 600. Pigo la tawi, ndege mkubwa au nati iliyolegea hutosha kulitoa dishi kwenye shabaha.

Kwa wakazi wa karibu na ikweta, uelekeo hutofautiana sana kati ya huduma moja na nyingine. Afrika Mashariki DStv hutumia satelaiti zilizoko digrii 36 mashariki, na Azam TV hutumia nafasi ya digrii 7 mashariki. Kutoka Dar es Salaam, satelaiti ya digrii 36 iko karibu utosini, kwenye mwinuko wa digrii 81 hivi. Ile ya digrii 7 iko upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kwenye dira ya digrii 281 na mwinuko wa digrii 52. Kutoka Nairobi satelaiti ya digrii 36 hukaribia kabisa kuwa juu ya kichwa, kwenye mwinuko wa digrii 88. Kwa hiyo anayebadilisha huduma huhitaji kuelekeza dishi upya. Kubadilisha king'amuzi peke yake hakutoshi.

Madishi ya Ku ya nyumbani kwa kawaida ni ya umbo la yai, na LNB yake huwa chini kidogo ya katikati. Dishi la aina hii hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha, kwa digrii kama 25. Kwa hiyo mwinuko husomwa kwenye kipimo kilicho nyuma ya dishi. Dira nayo hudanganywa na mabati na nguzo za chuma, hivyo hushikwa mbali navyo.

Wakati wa kutafuta, dishi husogezwa kidogo kidogo na kuachwa kwa sekunde chache, kwa sababu king'amuzi cha dijitali huchukua muda kabla ya kuonyesha ubora. Anayezungusha haraka huipita satelaiti bila kujua. Ubora ukionekana, nati hukazwa kwa zamu, upande huu na upande ule, huku kipimo kikiangaliwa, kwani kukaza kwenyewe huweza kulisogeza dishi.

LNB nayo huzungushwa kwenye mshikio wake ili ilingane na ulalo wa mawimbi. Michoro mingi ya ufungaji hutoka Ulaya, ambako mzunguko unaohitajika huwa mdogo. Karibu na ikweta, kwa satelaiti iliyoko mbali magharibi au mashariki, LNB hukaribia kuzungushwa robo ya duara. Isipozungushwa, mlalo na wima hubadilishana nafasi, na king'amuzi kilichoambiwa H hupokea V.

## Kupata nusu ya chaneli

Chaneli zinapokosekana kwa mpangilio maalumu, mpangilio huo ni dalili. King'amuzi hupeleka volti 13 kuomba mawimbi ya wima na volti 18 kuomba ya mlalo. Kwa bendi ya Ku huongeza mlio wa kilohezi 22 kuomba masafa yaliyo juu ya megahezi 11,700.

* Zikikosekana transponda zote za H, volti 18 haifiki kwenye LNB. Hushukiwa kebo ndefu au mbovu, au umeme dhaifu wa king'amuzi.
* Zikikosekana zote zilizo juu ya megahezi 11,700, mlio wa kilohezi 22 umezimwa kwenye menyu au haupiti kwenye swichi.
* Zikikosekana zenye kasi ndogo ya alama pekee, hasa mchana wa joto, huenda LNB imezeeka na namba yake ya kushushia masafa imehama kidogo.
* Zikikosekana za picha angavu pekee, king'amuzi huenda hakina DVB-S2.

## Mvua, jua na miti

Mawimbi ya Ku hudhoofishwa na matone ya mvua. Wakati wa masika chaneli zinaweza kukatika kwa dakika kadhaa mvua inapokuwa kubwa na kurudi zenyewe inapopungua. Kusogeza dishi wakati huo ni kosa. Dishi likikatika kwa kila manyunyu, maana yake halikuwa katikati ya shabaha tangu mwanzo. Bendi ya C huvumilia mvua vizuri zaidi, lakini huhitaji dishi kubwa, kwa kawaida la futi 6 au 8.

Siku chache za Machi na za Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti kama linavyoonekana kutoka ardhini. Kwa dakika chache, saa ileile kila siku, joto la jua hufunika mawimbi kwa kelele. Hali hiyo hukoma yenyewe baada ya siku hizo.

Miti hukua polepole, na chaneli hupungua polepole vilevile. Kwa satelaiti yenye mwinuko wa digrii 52, mwembe uliopita kimo cha dishi kwa mita 10 huziba ukiwa umbali wa chini ya mita 8 kwenye upande wa satelaiti. Ghorofa jipya la jirani hufanya hivyohivyo kwa ghafla.

## Chaneli zinapatikana lakini hazifunguki

Kutafuta chaneli hakuhitaji malipo. King'amuzi kinaweza kuorodhesha chaneli zote na bado kisifungue iliyofungwa kwa msimbo. Ujumbe wa kadi, wa malipo au wa chaneli iliyofungwa ni ushahidi kwamba dishi, LNB na kebo vinafanya kazi. Katika hali hiyo fundi wa dishi hana la kutengeneza. Huhitajika kulipia kifurushi, kisha kuacha king'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye chaneli ya huduma hiyo ili kipokee idhini inayotumwa kwa satelaiti.

## Kosa lililo nje ya nyumba

Wakati mwingine satelaiti yenyewe huacha kufanya kazi. Tarehe 21 Novemba 2015 mawasiliano na AMOS-5, satelaiti ya digrii 17 mashariki iliyohudumia nchi nyingi za Afrika, yalipotea na hayakurudi. Tarehe 19 Oktoba 2024 satelaiti ya Intelsat 33e, iliyokuwa digrii 60 mashariki, ilivunjika vipande angani. Katika matukio kama hayo hakuna dishi litakalopata chaneli kwa kusogezwa. Kituo pia huweza kuhamia transponda au satelaiti nyingine. Dalili yake ni kwamba majirani wote wa huduma ileile wamepoteza chaneli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuuliza jirani ni hatua inayofaa kutangulia kumwita fundi.

## Usalama

Kazi ya dishi hufanyika paani au juu ya nguzo, na ajali zake ni mbaya kuliko kukosa chaneli. Dishi halifungwi wala kusogezwa karibu na nyaya za umeme, kwenye bati lenye maji, wala wakati wa radi. Radi inapokaribia, king'amuzi huchomolewa kwenye umeme na kwenye kebo ya dishi. Mtu mmoja hubaki ndani akisoma kipimo cha ubora na kumpigia kelele au simu aliye juu. Kabla ya kulegeza nati yoyote, alama ya kalamu huwekwa kwenye mshikio na kwenye nguzo, ili dishi liweze kurudishwa mahali lilipokuwa ikiwa kosa litagunduliwa kuwa kwingine.